Safari ya jangwani Arizona na mama mzazi kwa tela la kulala: tupite wapi, na kwa mwendo gani?

Mwana wa Tanga

Salaam kwenu nyote.

Ninaishi Mesa, mashariki mwa Phoenix, na mwaka huu mama yangu mzazi amekuja kutoka Tanga kukaa nasi kipindi chote cha baridi. Ana umri wa miaka 71, anatumia dawa za shinikizo la damu, na goti lake la kulia linamsumbua anapopanda ngazi, lakini hamu yake ya kuona mambo haijapungua hata kidogo. Tangu afike amekuwa akiitazama milima iliyo nje ya mji na kuuliza nyuma yake kuna nini, nami nimeona kwamba kumzungusha madukani na kumrudisha nyumbani si ukarimu unaomstahiki mtu aliyevuka bahari kuja kutuona.

Ndugu mmoja amekubali kuniazima tela lake la kulala la futi 22, ambalo ndani lina vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu dogo, na pikapu yangu ina uwezo wa kulivuta. Likizo yangu ni ya wiki mbili, katikati ya mwezi wa Februari. Nimechora mzunguko unaoanzia hapa kwenda Tucson, kisha Organ Pipe kwenye mpaka wa Mexico, Yuma, Anza-Borrego, Joshua Tree, Death Valley, na kurudi kwa kupitia Las Vegas na Grand Canyon. Kwenye ramani njia hiyo inapendeza, lakini kila ninapohesabu saa za barabarani moyo unasita, kwa sababu ninachokitaka ni safari ya utulivu ambayo Mama ataweza kukaa nje na kikombe chake cha chai, akatazama jangwa bila mtu wa kumharakisha.

Naomba ushauri wa wale waliokwisha kusafiri hivi na wazazi wao. Je, ni sehemu zipi ambazo mzee asiyeweza kupanda milima atazifurahia kweli? Tuendeshe saa ngapi kwa siku? Je, tukae kwenye kambi zenye umeme na maji, au kwenye ardhi ya wazi ya serikali ambako watu wengi hukaa bila malipo? Nitashukuru pia kwa lolote linalohusu usalama wa kuvuta tela, kwa kuwa nimewahi kuvuta matela ya mizigo tu.

Mkaazi wa Tucson

Ndugu yangu, kwanza mpe Mama shikamoo zetu. Nimeishi kusini mwa Arizona kwa muda mrefu na kila mwaka huwapeleka wazee wetu jangwani, kwa hiyo nitakueleza waziwazi: futa nusu ya mzunguko huo. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Februari una theluji na barafu kwenye njia za kutembelea; huko si mahali pa mtu mwenye goti bovu anayetafuta jua. Death Valley ni pazuri sana, lakini kufika huko kutoka Mesa na kurudi kutakula siku ambazo mngezitumia mkiwa mmekaa. Kwa wiki mbili na mzee, mimi husema tusiendeshe zaidi ya saa tatu kwa siku ya kuhama, na tukifika mahali tusihame kabla ya kulala angalau siku tatu au nne. Kila kuhama kuna kazi yake ya kufunga vyombo, kumwaga maji machafu, kuunganisha tela na kulisawazisha upya, na wakati wote huo mzee huwa amekaa garini akisubiri.

Kituo chenu cha kwanza kiwe hapa kwetu. Kutoka Mesa hadi Tucson ni kama kilomita 180, na upande wa magharibi wa mji kuna kambi ya kaunti iitwayo Gilbert Ray, iliyo katikati ya misitu ya saguaro (kaktasi wakubwa wa huku), ambayo ina umeme na mahali pa kumwaga maji taka. Haina mabafu ya kuogea, lakini hilo halina uzito kwenu kwa kuwa mnalo la kwenu. Jambo moja lizingatie kabla hujaondoka: ramani ya simu inaweza kukupitisha Gates Pass, ambako barabara ni nyembamba yenye kona kali na matela marefu hayaruhusiwi. Pita Ajo Way, yaani barabara namba 86, kisha ukunje Kinney Road.

Dakika chache kutoka kambini kuna Arizona-Sonora Desert Museum, iliyofunguliwa mwaka 1952, na nafikiri hapo ndipo Mama atakapopapenda kuliko popote. Sehemu kubwa yake iko nje, njia zake zimetengenezwa vizuri, na kuna vivuli vya kupumzikia. Iko bustani nzima ya mimea ya jamii ya mkonge, na kwa mtu wa Tanga hilo si jambo dogo. Mkonge wa Tanganyika uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Na asili ya mmea wenyewe ni Mexico. Mama atakuta ndugu za mmea alioukuta mashambani tangu utotoni wakiota wenyewe kati ya mawe, hakuna aliyewapanda, wengine wakiwa wadogo kama kikapu na wengine wakiwa wametoa mlingoti ule ule anaoujua. Mama yangu mdogo, ambaye alikulia Muheza, alisimama hapo muda mrefu akieleza wageni wengine jinsi nyuzi zinavyokamuliwa, na kila mtu alimsikiliza.

Siku inayofuata mwende Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, upande wa magharibi, ambako iko njia fupi ya sakafu ngumu isiyozidi kilomita moja, yenye benchi, iitwayo Desert Discovery. Mwambie Mama asogee karibu na saguaro mkubwa na autazame mwili wake: una mikunjo mirefu inayotoka chini hadi juu, ambayo hutanuka mvua inaponyesha mmea ukanywa maji, na husinyaa wakati wa kiangazi. Matundu ya duara atakayoyaona juu yametobolewa na vigong'ota, na ndege wengine huyarithi. Saguaro huanza kutoa matawi akiwa na umri wa miaka 50 hadi 75, na sehemu kavu zaidi huchukua muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo wengi watakaokuwa mbele yenu wenye mikono miwili au mitatu wamemzidi Mama umri.

Kituo cha pili kiwe Organ Pipe. Kutoka kwetu ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwa barabara namba 86, mkipita ardhi ya watu wa Tohono O'odham. Kambi ya Twin Peaks ina nafasi 208, ina maji na vyoo, lakini haina umeme wa kuunganisha, na jenereta huruhusiwa kwa saa maalumu tu. Acheni tela kambini na mpande pikapu mzunguke Ajo Mountain Drive, ambayo ni barabara ya changarawe ya kilomita 34, mwendo wa pole wa saa mbili. Mandhari yote huonekana kutoka kwenye kiti, na mna uhuru wa kusimama popote palipo na nafasi. Mkakati huu wa kumwonyesha mzee jangwa kupitia dirishani, kisha kumshusha mahali pamoja pazuri akakaa na kiti chake, umenifaa na wazee wote niliowachukua.

Kutoka hapo mnaweza kurudi nyumbani kwa kupitia Ajo na Gila Bend. Anza-Borrego na Joshua Tree ziacheni kwa safari nyingine.

Dereva wa Malori

Naunga mkono yaliyosemwa kuhusu njia, nami nitajibu suala la kuvuta, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kuvuta tela la kulala ni tofauti na kuvuta tela la mizigo, kwa sababu ubavu wake ni mpana na upepo huusukuma. Uzito unaokaa kwenye ndoano ya pikapu uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela zima. Tela la kilo 2,500, kwa mfano, linapaswa kulalia ndoano kwa kilo 250 hadi 375. Ukipakia vitu vizito nyuma, ndoano inakuwa nyepesi na tela huanza kuyumba mkia mara unapofika mwendo wa barabara kuu. Kumbuka kwamba maji ni mzigo: lita moja ni kilo moja, na tangi likiwa nyuma ya magurudumu litabadilisha mizani yote. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kinachoeleza uzito ambao pikapu inaruhusiwa kubeba, ujumlishe uzito wa ndoano, wa abiria na wa mizigo, na kisha, kabla ya siku ya safari, upeleke gari na tela vikiwa vimepakiwa kwenye mizani ya malori. Mizani hizo zipo kwenye vituo vikubwa vya mafuta vya malori, gharama yake ni ndogo, na karatasi utakayopewa itakuonyesha uzito wa kila ekseli.

Hakikisha pikapu ina kifaa cha kuendesha breki za tela na ukijaribu kwenye uwanja mtupu kwa kushika breki ukiwa mwendo wa pole. Uwe na vyuma vya kugawa uzito vyenye kizuia kuyumba. Matairi ya tela yatazame kwa macho yako mwenyewe, usitosheke na maneno ya mwenye nalo: ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi la tela lililosimama juani Arizona huzeeka likiwa bado lina kashata nzuri, na likipasuka linaweza kuondoka na sakafu ya bafu. Mengi yamewekewa mwendo wa juu wa maili 65 kwa saa, hata kama kibao cha barabarani kinaruhusu 75. Mkija kuingia California siku moja, sheria ya huko ni maili 55 kwa gari lolote linalovuta tela. Mama asikae ndani ya tela wakati linavutwa, hata kama anataka kujinyoosha kitandani. Akae kwenye kiti cha pikapu na mkanda wake, nanyi msimame kila baada ya saa moja na nusu ili anyooshe goti.

Kati ya Phoenix na Tucson kuna sehemu ya barabara namba 10 inayojulikana kwa vumbi. Dhoruba kubwa huja majira ya joto, lakini upepo mkali unaweza kuvuma wakati wowote. Ukiona ukuta wa vumbi mbele, toka barabarani kabisa, mbali kadiri unavyoweza, uzime taa zote, uvute breki ya mkono na uondoe mguu kwenye pedali ya breki. Taa zikiwaka, dereva anayekuja nyuma haoni barabara na huzifuata akidhani gari linakwenda mbele yake, akakuvamia.

Omba nafasi za kambi ambazo unaingia upande mmoja na kutokea mwingine, ili usilazimike kurudi nyuma. Ukilazimika kurudi, mwombe mwanamume au kijana jirani akuelekeze; Mama asisimame nyuma ya tela. Ukifika, zuia magurudumu ya tela kwa magogo pande zote mbili kabla hujalitenganisha na pikapu, hata kama uwanja unaonekana tambarare. Na kwa kuwa tela ni la kuazima, piga simu kwa kampuni yako ya bima mapema uulize kama inafunika uharibifu wa tela lenyewe, kwa sababu mara nyingi bima ya pikapu hulipa madhara kwa wengine na kuliacha tela nje. Mwombe mwenye nalo akupe kadi ya usajili na barua fupi yenye sahihi yake.

Mwana wa Tanga

Nawashukuru sana. Nimeufuta mzunguko mkubwa na kubaki na Tucson na Organ Pipe, na Mama mwenyewe nilipomwonyesha alisema hata hizo mbili zinamtosha. Habari ya mkonge imemfurahisha kiasi kwamba ameanza kumsimulia mjukuu wake.

Nina mambo mawili yaliyosalia. Kwanza, Mama ameingia kwa viza ya matembezi. Je, kuna lolote la kuzingatia tukikaribia mpaka? Pili, tunaswali na tunakula nyama ya halali tu, na sijui kama maji ya tela yatatosha kwa kupika, kuoga na kutawadha mahali pasipo na bomba.

Muuguzi

Mdogo wangu, nakujibu kama mtu anayewahudumia wazee hospitalini hapa Arizona na ambaye pia amewapokea wazazi wake kutoka Mombasa.

Kuhusu karatasi, kusini mwa Arizona kuna vituo vya ukaguzi vya askari wa mipaka ndani ya nchi, mbali kidogo na mpaka wenyewe, na kwenye barabara ya kutoka Organ Pipe kwenda kaskazini mnaweza kusimamishwa. Mgeni mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anatakiwa kisheria awe na karatasi zake mwilini. Mama abebe pasipoti yake halisi na nakala iliyochapwa ya fomu ya I-94 (kumbukumbu ya kuingia kwake nchini), ambayo unaweza kuipata kwenye tovuti ya serikali kwa kutumia namba ya pasipoti. Mweleze mapema kwamba atakuta askari na pengine mbwa, ataulizwa swali moja au mawili, kisha mtaruhusiwa kwenda, ili asishtuke. Na wewe usiwe mtu wa kujibu kila kitu kwa niaba yake. Akiulizwa yeye, mtafsirie kwa utulivu. Ile pasi ya wazee ya hifadhi za taifa ni ya raia na wakaazi wa kudumu waliofikisha miaka 62, kwa hiyo Mama haistahili, lakini Saguaro na Organ Pipe hutoza ada kwa gari zima.

Kabla ya safari hakikisha bima yake ya matibabu ya wageni ipo na inafunika maradhi aliyokuwa nayo kabla, kwa sababu gari la wagonjwa au helikopta kutoka jangwani ni gharama isiyobebeka. Dawa zake zichukue za kutosha na ziada, ziwe kwenye mkoba wake garini, zisiachwe ndani ya tela. Ikiwa mojawapo ya dawa za shinikizo ni ile inayomfanya akojoe mara kwa mara, muulize daktari wake anywe maji kiasi gani jangwani. Hewa ya hapa ni kavu mno hivi kwamba jasho hukauka kabla halijaonekana, na mzee anaweza kupungukiwa na maji siku ya nyuzi 20 tu huku akisema hana kiu. Mimi huweka chupa mkononi mwake badala ya kumuuliza kama anataka. Ushauri wa hifadhi ni lita nne za maji kwa mtu mmoja kwa siku, na kiasi hicho kiwe cha kunywa peke yake.

Usiku wa Februari hushuka chini ya nyuzi 10, na mara nyingine hukaribia kuganda. Mtu wa pwani huisikia baridi hiyo kuliko wewe. Mlaze kwenye kitanda anachoweza kushuka bila kupanda juu ya mtu, mwekee taa ndogo ya kumwonyesha njia ya choo, na mlangoni weka kibao au ngazi pana yenye mshikio, kwani ngazi za kukunja za matela ni nyembamba na ziko juu. Jaribu kengele za moshi na za hewa ya sumu kabla hamjaondoka, na kamwe msiwashe jiko la gesi kwa ajili ya kujipasha moto.

Lipo jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui, nami naomba ulitilie maanani. Katika udongo wa Phoenix na Tucson kuna kuvu anayeingia mapafuni kwa vumbi na kusababisha ugonjwa unaoitwa homa ya bondeni. Wengi hawaugui kabisa au hupata mafua tu, lakini wazee na wenye kisukari wanaweza kuugua sana. Dalili zake ni kikohozi, homa, uchovu na maumivu ya kifua, nazo hujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya kuvuta vumbi hilo. Hauambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu. Hatari yake kwetu ni kwamba Mama anaweza kurudi Tanga, akaanza kukohoa, na daktari akafikiria kifua kikuu au nimonia peke yake. Mwandikie kwenye karatasi kwamba amekaa Arizona na kwamba kipimo cha ugonjwa huo kifikiriwe. Vumbi likivuma, ingieni ndani na mfunge madirisha.

Kuhusu maji, kwenye kambi ya Gilbert Ray na ya Twin Peaks mtapata ya kujaza, kwa hiyo hamtaishiwa. Kinachojaa haraka ni tangi la maji machafu la chini. Tuliweka beseni kwenye sinki, tukaosha vyombo kwa maji machache, na mama yangu alitawadha kwa birika kama alivyozoea nyumbani; birika moja linamtosha mtu. Nyama ya halali nunueni Tempe au Tucson, muikate na kuigandisha kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja. Kibla kutoka hapa ni kaskazini-mashariki.

Mpenda Nyota

Nakubaliana na wote isipokuwa jambo moja. Naona Mwana wa Tanga asiiache kabisa ardhi ya wazi, kwa kuwa kuna aina ya ukimya ambayo kambi yenye majirani 200 haiwezi kutoa. Baada ya Organ Pipe, ikiwa Mama bado ana nguvu, nendeni Quartzsite mkalale huko siku mbili, kisha mrudi nyumbani kwa barabara namba 10. Ardhi ya serikali inayozunguka mji huo inasimamiwa na idara iitwayo BLM. Kwingi mtu anaruhusiwa kukaa bila malipo hadi siku 14, na eneo la La Posa, ambalo ni la kulipia, liko wazi kwa wakaaji wa muda mrefu kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. La Posa lina mahali pa kujaza maji na kumwaga taka, kwa hiyo kwa mzee ningechagua hilo. Uwanja wake ni wa changarawe iliyoshikamana, tambarare, na Mama ataweza kutembea bila kujikwaa.

Mjini kwenyewe yapo makaburi ya zamani ambayo familia ya Kiislamu itafurahi kuyatembelea. Hapo amezikwa Haji Ali, ambaye Wamarekani walimwita Hi Jolly, mchunga ngamia kutoka himaya ya Uthmaniya aliyeletwa mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu kubeba mizigo jangwani. Jaribio lile lilikufa, lakini yeye alibaki Arizona hadi alipofariki mwaka 1902. Mwaka 1935 kaburi lake lilijengewa piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake. Pikapu inafika karibu kabisa, na hakuna ngazi.

Mkiwa bila umeme wa kuunganisha, betri ndiyo itakayoamua starehe yenu. Feni ya hita ya gesi hula umeme usiku kucha, na betri ya kawaida ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo huharibika. Ikiwa tela halina sola, pikapu inaweza kuichaji kidogo, lakini mimi ningeazima paneli moja ya kusimamisha nje. Mablanketi mazito yatapunguza saa za hita kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu anga, baada ya Maghribi katikati ya Februari Kilimia kitakuwa karibu utosini, wakati Tanga huonekana upande wa kaskazini. Nyota ya Suheli, ambayo mabaharia wa kwetu huitumia kujua kusini, hapa huchungulia tu: huko Organ Pipe hupanda kama nyuzi tano juu ya upeo wa macho, kati ya saa tatu na saa nne usiku. Mtafutieni Mama kiti mahali ambapo kusini hakuna kilima, na mzime taa za nje za tela. Kama baba yake au mumewe alikuwa mtu wa bahari, mwulizeni yeye awaonyeshe.

Twin Peaks huwekewa nafasi kwenye tovuti ya Recreation.gov, na Februari huwa na wageni wengi. Weka leo, na uandike urefu wa pikapu na tela kwa pamoja, kwa sababu nafasi hugawiwa kwa urefu.